Bunduki ndogo ya babu haina jina la kiwanda, nitaijuaje?

mjukuu_wa_tatu
Wakuu, heshima zenu. Babu ametuachia bunduki ndogo ya risasi za .22. Kibali kimeshahamia jina langu, upande huo niko sawa. Ni ya bolti (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), inaingia risasi moja moja, magazini haina. Mtutu una pembe nane nyuma, ukienda mbele unakuwa wa mviringo. Juu ya chuma kumeandikwa "22 lfB", na kuna kitaji kidogo chenye herufi N chini yake. Basi. Baba anasema ni ya Mwingereza, mjomba anasema Mbelgiji. Babu alikuwa akilalamika kwamba ganda likishapigwa linagoma kutoka, analichokonoa kwa kijiti.

Kipenga
Piga msasa mkuu, paka rangi nyeusi, itang'aa kama mpya. Halafu tuwekee picha.

Fundi Mtutu
Kipenga, usimpoteze mwenzio. Hizo alama unazotaka azifute ndizo kitambulisho chenyewe.

Mjukuu, baba na mjomba wote wamekosa. "lfB" ni namna Wajerumani wanavyoandika .22 Long Rifle, risasi iliyotoka Marekani mwaka 1887. Ingekuwa ya Mbelgiji ungeona ELG ndani ya umbo la yai, chapa ya wapima silaha wa Liège. Waingereza nao wanaweka taji, na hapo ndipo wengi wanachanganya, ila Birmingham kuanzia 1904 chini ya taji walipiga herufi mbili mbili: BV, BP, NP. N iliyo peke yake ni Mjerumani, maana yake mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Karibu na 1940 taji likaondoka, akaja tai. Kwa hiyo yako imetangulia hapo.

Jina la kiwanda lisikuumize kichwa. Suhl na Zella-Mehlis, miji ya Ujerumani, kulikuwa na mafundi chungu nzima waliowauzia wafanyabiashara bunduki zisizo na jina. Tafuta tarehe. Toa bolti, mulika chemba, pale risasi inapokaa, uone iko tupu, kisha legeza skrubu iliyo chini ya mbao unyanyue mtutu. Bisibisi ijae vizuri kwenye mfereji wa skrubu, ikicheza itaila. Huko chini mikono haikufika, alama zinakuwa kali.

mjukuu_wa_tatu
Nimefungua! Kuna mataji matatu yamepangana: U, G, N. Pembeni 6.28. Ila ndani ya mtutu kuna vishimo vishimo, ni kawaida?

Fundi Mtutu
Juni 1928, ndipo ilipojaribiwa. U ni ukaguzi, G ni mtutu wenye mifuo ndani.

Vishimo ni vya fataki za zamani, yaani kile kiwashio kilicho ndani ya risasi. Zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na asiyesafisha jioni ileile mtutu wake uliliwa na kutu. RWS, watengenezaji risasi wa Ujerumani, walileta fataki isiyoleta kutu, Sinoxid, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, lakini mtu akiwa na boksi la zamani alilimaliza. Mtutu wa hivyo bado unaweza kulenga vizuri, usiuhukumu kwa macho.

Mimi kinachonisumbua ni lile ganda. Mulika mdomo wa chemba, pale ukingo wa ganda unapokaa. Kuna alama ya kugongwa?

mjukuu_wa_tatu
Ipo, juu kabisa, saa sita. Kama kovu la patasi ndogo. Ukipitisha kucha inakwama.

Kipenga
Kwani hiyo nayo ina shida gani?

Fundi Mtutu
Kubwa tu. Risasi ya .22 fataki yake iko kwenye ukingo, kwa hiyo pini inapiga pembeni. Ukifyatua bila risasi, bunduki nyingi za zamani pini inagonga mdomo wa chemba wenyewe. Chuma kinavimba kuelekea ndani, kinabana ganda. Nahisi kuna watoto waliichezea sana.

Mpelekee fundi wa bunduki mwenye chombo cha kukisukuma hicho chuma kirudi mahali pake. Akishika tupa, mnyang'anye bunduki yako uondoke: chuma kikipungua hapo ukingo wa ganda unakosa pa kuegemea, unapasuka. Ikishatengenezwa ipigie risasi za mwendo wa kawaida, zile za kasi kubwa ziache. Maana bunduki hizi za bei rahisi mara nyingi bolti inashikiliwa na shina la mkono wake tu.