Kwa nini Ngazidja haina mito na Nzwani inayo?

Mpenda Ramani: Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo la Visiwa vya Komoro linanitatiza. Ngazidja ndiyo kubwa kuliko vyote, ina Mlima Karthala wenye mita 2,361, na mvua yake si haba. Lakini kwenye ramani sioni mto hata mmoja. Nzwani haifiki nusu yake, kilometa za mraba 424 tu, na mito inayo. Hayo maji ya Ngazidja yanakwenda wapi?

Mkazi wa Moroni: Yanazama, mkuu. Huku mvua ya kaskazi inapiga kweli kweli, na ikikatika tu, muda si mrefu ardhi imekauka. Okota jiwe la zaha (lava iliyoganda) popote hapa: limejaa matundu kama sponji. Karthala bado ni hai. Mwaka 2005 ililipuka mara mbili, majivu yakaingia hadi kwenye mabirika, yaani matangi, ya maji ya kunywa. Mwamba ambao bado ni mpya hivyo haujapata muda wa kuoza ukawa udongo wa kushika maji. Basi maji hupenya chini kabisa, yakaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pwani. Ndiyo maana visima vya karibu na ufuo vina chumvichumvi, na vijijini tunakinga mvua ya paa kwenye birika. Birika likikauka, tabu yake usiombe.

Mpenda Ramani: Shukrani. Na Nzwani je?

Mkazi wa Moroni: Volkano yake ilizimika zamani sana. Mwamba umeoza ukawa udongo wa mfinyanzi, matundu yameziba, maji hayana budi kuteremka. Yamechonga mabonde hadi kisiwa kizima kimebaki miteremko.

Mzaliwa wa Mutsamudu: Ndugu zangu, msiitegemee sana hiyo ramani. Mito yetu mingi siku hizi kiangazi ni mawe matupu. Msitu wa juu ndio ulionasa ukungu na kuachia maji kidogo kidogo, nao umekatwa kwa mashamba na kuni. Kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke) mafuta ya manukato ya maua ya mlangilangi peke yake kunakula kuni nyingi mno. Mvua ikinyesha sasa, maji yanashuka kwa kishindo, mekundu kwa udongo, yanakwenda kuyafukia matumbawe. Inaniuma sana. Nzwani ilipewa maji ambayo wenzetu wa Ngazidja wanayatamani, na msitu uliobaki juu kule kwenye mlima Ntringi lazima ulindwe kabla ya kuzungumzia bomba lolote jipya la maji.