Komiki za Predator dhidi ya mashujaa: wakifa wengi ndiyo inanoga?

Mzee_wa_Ngamiani:
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza Predator vs. Wolverine ya Benjamin Percy, ile ya 2023, na nimeipenda kwa sababu ugomvi wa Predator, yule mwindaji kutoka sayari nyingine, na Wolverine umetandazwa kwenye miaka mingi ya maisha ya Logan, yaani Wolverine mwenyewe. Sasa binamu yangu aliye Muscat amenikalia kooni ninunue Predator Kills the Marvel Universe. Mwandishi ni yule yule Percy, mchoraji Marcelo Ferreira, matoleo matano yaliyoanza kutoka Agosti 2025. Ananiambia humo mashujaa wanachinjwa kama kuku wa sikukuu. Pesa yangu ni ya kuhesabu, kwa hiyo naomba mnisaidie mliozisoma sana hizi: mashujaa wakifa wengi ndiyo hadithi inanoga? Na kama sivyo, nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Kipanga77:
Mkuu, nunua. Sisi wengine tumechoka na mashujaa wanaoponea chupuchupu kila mwezi. Predator anang'oa fuvu na uti wa mgongo, hana mjadala. Marvel walishafanya kitu cha aina hiyo 1995 na Punisher, kwa kalamu ya Garth Ennis, na watu wanaisoma mpaka leo.

Mama_Wino:
Kaka wa Ngamiani, mimi ni mchoraji, na hizi komiki nimezisoma tangu sekondari. Jibu langu ni hapana, wingi wa maiti haunogeshi kitu. Kifo cha shujaa kina uzito pale ambapo kuna anayebaki hai na kulazimika kuishi na pengo lake. Kitabu kilichoandikwa "Kills" (anaua) kwenye jalada unajua kabla hujakifungua kwamba kiko nje ya hadithi kuu, na mwezi ujao Spider-Man ataendelea kuruka magorofa ya New York kana kwamba hakikutokea kitu. Hilo linakufuata ukurasa kwa ukurasa, hata damu iwe nyingi vipi.

Anza na Batman versus Predator, iliyoanza kutoka 1991. Ameiandika Dave Gibbons, ambaye wengi tunamjua zaidi kwa uchoraji. Penseli ni ya Andy Kubert na wino ni wa kaka yake, Adam. Humo wanaochinjwa ni watu wa Gotham. Kuna bondia anaitwa Marcus King, ametoka kushinda pambano la ubingwa, jiji zima linamtaja, na kwa Predator hilo linatosha, maana amekuja kutafuta aliye hodari kuliko wote. Kutoka kwa mabondia anahamia kwa wakubwa wa genge waliokuwa nyuma yao. Batman anapokutana naye mara ya kwanza anapigwa vibaya, anarudi nyumbani nusu mfu, anauguzwa na Alfred, na huku nje mji umebaki bila mlinzi. Hapo ndipo hofu ilipo. Gibbons anakufanya uwahesabu walio hai na kujiuliza nani anafuata.

Halafu tazama wino. Kumchora Predator akiwa amejificha ni mtihani kwa mchoraji yeyote, kwa sababu unachora kitu kisichoonekana. Huchori mwili, unachora matofali ya ukuta ulio nyuma yake, kisha ndani ya umbo lake unaipindisha ile mistari ya matofali kidogo tu, jicho la msomaji lipite halafu lirudi. Ukizidisha, anaonekana na mchezo umekwisha. Ukipunguza, hakuna kitu kwenye kisanduku. Sasa mweke kiumbe huyo mbele ya Batman, ambaye tangu azaliwe maficho yake ni weusi wa wino. Mmoja anajificha kwenye giza, mwingine anajificha hata mchana kweupe. Ndiyo maana kwangu hakuna shujaa anayemfaa Predator kuliko Batman, na Wolverine namweka wa pili. Mwisho sikuharibii, ila nakudokeza kwamba baada ya mitambo yote ya pangoni, Batman anamalizana naye akiwa na rungu la besiboli mkononi.

Ukitaka kuona mashujaa wakifa kweli, tafuta WildC.A.T.s/Aliens ya 1998. Si wawindaji, ni wale majinamizi weusi wa filamu za Aliens, lakini ndiyo komiki ya pamoja pekee ya aina hii iliyowahi kuniumiza. Kikosi cha Stormwatch kinaishi angani kwenye kituo cha Skywatch, chini ya Umoja wa Mataifa. Warren Ellis alikuwa akiwaandika watu hao tangu 1996 na wasomaji walishawazoea kama majirani. Kwenye kitabu hiki WildC.A.T.s, kikosi kingine cha mashujaa, wanapanda kituoni kuokoa watu na kukuta wengi wamekwisha kufa. Fahrenheit amekufa, Hellstrike amekufa. Winter, yule Mrusi anayefyonza nishati, anakiendesha kituo kizima kuelekea kwenye jua ili wale viumbe wasifike duniani. Chris Sprouse amechora kwa mistari safi, tulivu, hapigi kelele, na vifo vinakuuma zaidi kwa sababu hiyo.

Kipanga, nisikilize na wewe. Mashabiki wa Stormwatch waliokosa kitabu hicho walifungua toleo lao la kawaida wakakuta msiba umeshapita, waliobaki wanazika na kufunga ofisi. Mwaka uliofuata, kutokana na waliobaki, Jenny Sparks, Jack Hawksmoor na Swift, ikazaliwa komiki ya The Authority. Vifo vile vilizaa kitu.

Kipanga77:
Dada, nakuheshimu, lakini Fahrenheit yumo kwenye Stormwatch: Post Human Division ya 2006, mzima. Sasa uzito uko wapi? Wote hurudi.

Mama_Wino:
Kweli alirudishwa, na sikufurahi. Lakini kwa miaka ile yote katikati The Authority ilisomwa huku pengo likiwa pale pale, na 1998 hakuna msomaji aliyeahidiwa kwamba kuna kurudi. Kitabu cha "Kills" kinakupa ahadi hiyo tangu jalada. Siwalaumu Percy na Ferreira, wanajua kazi yao. Nasema tu kwamba pesa ya kuhesabu isianzie huko.

Bibi_wa_Riverdale:
Mmemsahau Archie! Archie vs. Predator ya 2015, Alex de Campi na Fernando Ruiz. Vijana wale wale wa shule wa komiki za Archie wanakwenda mapumziko ya ufukweni, Predator kijana anawafuata mpaka nyumbani, wanakufa mmoja baada ya mwingine, na picha ni zile zile za duara na mashavu mazuri ya Archie. Nilisoma usiku nikakosa usingizi. Ukurasa wa mwisho sitausema, uone mwenyewe wale wasichana, Betty na Veronica, wamefanya nini.

Mama_Wino:
Umenena, dada. Nayo inafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo: Betty na Veronica wanabaki.

Mzee_wa_Ngamiani:
Asanteni sana. Naanza na Batman, binamu atanisamehe. Dada Mama_Wino, hiyo ya Stormwatch naisoma kwa mpango gani? Sijawahi kuigusa.

Mama_Wino:
Usiruke moja kwa moja kwenye Aliens, utakuwa unaomboleza watu usiowajua. Anza na mfululizo wa kwanza, toleo la 37, Ellis alipoingia. Ukifika mfululizo wa pili, soma mpaka la 10, weka chini, soma WildC.A.T.s/Aliens, kisha malizia na la 11. Vitabu vya mkusanyiko vya Stormwatch mara nyingi havina ile ya Aliens ndani kwa sababu haki zake ni za kampuni mbili, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa.