Kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU ya umeme kila mwezi, diwani anasema haimhusu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na naomba tusijibizane kichama. Kati ya hawa tuliowapa kura, nani anaweza kusimama akatuambia kodi ya majengo ya watu wa kata yake imerudi kiasi gani na imefanya nini?

Kwetu (ni Dar, kata siitaji) diwani aliulizwa hilo kwenye mkutano wa mtaa. Akajibu: hiyo inakwenda TRA (Mamlaka ya Mapato), mimi hainihusu. Akaulizwa mtaro uliobomoka, unaoingiza maji machafu vyumbani kwa watu kila masika. Akasema muulizeni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Taka zinazolundikana? Mkandarasi. Sasa yeye ni diwani wa nini? Posho ya kikao anaipokea kwa kazi gani?

Tukumbushane tulikotoka. Kodi hii ilikuwa ikikusanywa na halmashauri, mwaka 2016 ikakabidhiwa TRA. Baadaye kikawekwa kiwango kimoja, nyumba ya kawaida Sh10,000 kwa mwaka. Agosti 2021 ikahamia kwenye umeme, Sh1,000 kwa mwezi, na Sh5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 ikapanda: Sh1,500 na Sh7,500. Yaani nyumba ya kawaida imetoka 10,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Na hukwepi, maana usiponunua umeme mwezi huu, deni unalikuta mwezi ujao.

Kulipa sipingi. Mji haujengwi kwa maneno. Lakini angalieni anayelipa ni nani. Nyumba ya chini ya Masaki inayopangishwa kwa dola na nyumba ya chini ya Mbagala ambayo bati lake linavuja, zote ni 1,500. Mpangaji wa chumba kimoja, hana hata tofali lake pale, anakatwa yeye kwa sababu ndiye aliyeingiza tokeni. Eti akamdai mwenye nyumba! Nani asiyewajua wenye nyumba wa mji huu? Ukimwambia akupunguzie kwenye kodi ya chumba, anakuambia kahamie unakoona panakufaa.

Halafu wazee, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea amesamehewa kodi kwa nyumba anayoishi. Mita haijui umri wa mtu, kwa hiyo lazima aombe aondolewe. Bibi anayeishi na wajukuu, simu yake ya kitochi, nani amemwambia kwamba ana haki hiyo? Mwenyekiti wa mtaa anawajua wazee wake kwa majina, nyumba kwa nyumba. Siku za kampeni aligonga milango yote hiyo. Angeweza kuandika orodha akaifikisha panapohusika, bila kusubiri bajeti wala mkandarasi. Hakufanya, na diwani hakumuuliza!

Na msidanganyike kwamba diwani hana uwezo. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, na linakutana kila robo mwaka. Mkurugenzi ni mteule wa Rais, sawa, lakini kwenye baraza anakaa na kujibu hoja za madiwani. Swali ni moja tu: robo hii, katika kodi ya majengo iliyokusanywa kwa wananchi wetu, halmashauri imerudishiwa shilingi ngapi, na zimekwenda kata zipi? Akijibiwa, atuletee jibu. Akinyimwa jibu, atuletee hilo pia, tujue wa kumbana. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani tuliyo nayo, kama hata hesabu ya hela yetu wenyewe hatuoneshwi?

Ninachotaka ni karatasi moja, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kata kila robo mwaka: kilichorudi, kilichotumika, kazi iliyofanyika na mahali ilipofanyika.

Kama kuna kata yoyote ambayo diwani wake ameshabandika kitu kama hicho, piga picha uweke hapa. Nitaichapisha niende nayo kwenye mkutano ujao wa mtaa, nimkabidhi wa kwetu mbele ya watu.