Simu Imeniandikia "Usinisumbue"

Kikundi: UKOO WA MIKINDANI 🌴
Jumamosi

Shangazi Somoe 06:42
Asalaam aleikum ukoo. Rama yuko wapi? Rama. RAMA.

Mama Mwaju 06:50
Waaleikum salaam wifi. Huyo hapo Dar saa hizi kalala. Kuna nini tena asubuhi yote hii?

Shangazi Somoe 06:54
Mwanao alipokuja kwenye unyago kaniambia shangazi simu yako nzito, nipe nikuwekee mfumo mwingine. Nikampa. Kweli imekuwa nyepesi. Nyepesi kwa vile haina kitu ndani!

Chilumba 06:55
😂😂😂

Shangazi Somoe 06:58
Cheka tu. Namba zote zimeondoka. Zimebaki za kwenye laini: selemala, mtu wa maji, na mmoja nimemwandika "Usipokee". Yako wifi hamna, ila Usipokee yupo.

Shangazi Somoe 07:01
Benki nayo, nikiifungua inasema simu hii si salama. Katibu wa AMCOS, ushirika wetu wa korosho, jana katangaza malipo ya mnada yameanza kuingia, mie nakodoa macho tu.

Shangazi Somoe 07:02
Halafu juu kabisa imeniandikia "Usinisumbue". Simu nimeinunua kwa hela yangu ya korosho, leo inaniambia nisiisumbue.

Salma 07:10
Mama jamani 😂😂 hiyo umeigusa ulipokuwa unawasha tochi, ziko jirani. Ndiyo maana simu hailii. Vuta kutoka juu, iguse tena itazima.

Shangazi Somoe 07:16
Ahaa. Kumbe. Mtu wangu wa Msangamkuu kapiga mara tano, samaki wako kwenye pantoni, mie kimya. Kawauza kwa mwingine.

Rama 09:21
Shikamooni wote. Shangazi shikamoo, samahani ndiyo nimeamka.

Shangazi Somoe 09:22
Marhaba. Nirudishie simu yangu.

Rama 09:26
Shangazi mfumo wenyewe hauna kosa. Unaitwa LineageOS, ni Android hiyo hiyo, wanautengeneza watu wa kujitolea tangu mfumo uliotangulia, CyanogenMod, ulipofungwa mwishoni mwa 2016. Simu yako waliyoiunda waliacha kuiletea marekebisho ya usalama siku nyingi, kwenye mfumo huu bado yanakuja.

Chilumba 09:27
Wa kujitolea! Kumbe hata wao hawalipwi.

Rama 09:31
Kosa ni langu baba mdogo. Mfumo huu hauji na vitu vya Google. Duka la Play, akaunti, vyote unaviweka mwenyewe, tena kabla simu haijawashwa mara ya kwanza. Usiku ule bando likaniishia, nikasema nitamalizia kesho.

Mama Mwaju 09:32
Na kesho yake ukapanda basi.

Rama 09:32
Ndiyo mama.

Salma 09:34
Si umwelekeze aviweke sasa hivi?

Rama 09:36
Ukiviweka sasa lazima ufute simu yote upya. Ila namba nimezipata, zilikuwa kwenye akaunti yake ya Google. Nimezipakua kwa laptop, namtumia faili hapa, akilibonyeza zinaingia zote. Na benki shangazi tumia ile menyu ya nyota na reli. Ile inapita kwenye mtandao wa laini, haijali simu ina mfumo gani.

Shangazi Somoe 10:03
Imeingia. Alhamdulillahi.

Chilumba 10:04
Hongera dada!! 🙏

Shangazi Somoe 10:09
Hongera baadaye. WhatsApp imekuja tupu. Madeni yangu ya vitenge nilikuwa najiandikia humo humo, mwenyewe kwa mwenyewe. Nani kachukua, kalipa ngapi. Sasa niende nyumba kwa nyumba niulize "samahani, wewe nakudai?"

Chilumba 10:11
Rama mwanangu, mimi naona mfumo huu mzuri sana. Mwache shangazi yako auzoee.

Mama Mwaju 10:12
Namuunga mkono shemeji 😂

Shangazi Somoe 10:12
Nawaona.

Shangazi Somoe 10:15
Na meseji mbona zinakuja kwa mafungu? Haiingii hata moja, nikifungua zinamwagika thelathini.

Rama 10:18
Hiyo ni betri. Nenda Mipangilio, tafuta WhatsApp, sehemu ya betri ondoa kizuizi. Mfumo unailaza ili kubana chaji.

Shangazi Somoe 10:24
Chaji sisemi uongo, inakaa. Juzi nimeshinda nayo shamba, nimerudi iko 60. Hivi ukija si unaweza kuniachia huu huu ukaongeza hivyo vya Google?

Rama 10:29
Naweza. Ila benki huenda ikaendelea kukataa. Ili niweke mfumo huu ilibidi nifungue kufuli ya ndani ya simu. Programu ya benki inaiuliza Google kama kufuli bado imefungwa, ikijibiwa hapana, inagoma.

Shangazi Somoe 10:31
Basi rudisha ule wa zamani na kufuli yake ufunge. Chaji nitachomeka.

Rama 10:33
Sawa shangazi. Nakuja Alhamisi. Na nimeangalia Google Drive, nakala ya WhatsApp yako ipo, ya siku mbili kabla sijaigusa simu. Ukishakuwa na akaunti yako na namba ile ile, meseji zote zinarudi. Na madeni.

Shangazi Somoe 10:34
Mwanangu! Nauli nusu natoa mimi.

Chilumba 10:35
Ujumbe huu ulifutwa

Mama Mwaju 10:36
Shemeji umefuta nini?

Shangazi Somoe 10:37
Nimeusoma kabla hajaufuta. Kamwambia Rama asije, barabara mbovu. Barabara haina neno mdogo wangu, mabasi yanapita kila siku. Na deni lako wala sihitaji simu kulikumbuka: vitenge viwili, 35,000.