Naomba ushauri: filamu za kikauboi za Kitaliano nitazame kwa sauti ipi?

Habari za jioni wakuu. Nimepata diski ya The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966, ina sauti ya Kiingereza na ya Kitaliano. Tangu utoto nilidhani midomo kupishana na maneno ni ubovu wa kanda za mtaani kwetu. Kumbe wapi! Waitaliano enzi hizo walipiga picha bila kutegemea sauti ya palepale, kila mwigizaji akiongea lugha yake, kisha sauti zikaingizwa studio.

Sasa nimekwama. Kwa Kiingereza namsikia Clint Eastwood, Mmarekani anayeigiza humo, mwenyewe, ila wale Waitaliano na Wahispania wote wamewekewa sauti za watu wengine. Kwa Kitaliano, Eastwood anasemewa na mwigizaji wa Kiitaliano Enrico Maria Salerno, sauti nzito hiyo, nilishtuka kidogo. Halafu zile sehemu zilizokuwa zimekatwa kwenye toleo la Kiingereza zikarudishwa 2003, Eastwood na mwigizaji mwenzake Eli Wallach walizirekodia sauti wakiwa wazee, na inasikika kabisa. Mwenzao wa tatu, Lee Van Cleef, alishafariki, akasemewa na mtu mwingine.

Nataka kuitazama na mzee wangu Jumapili, na maandishi ya chini hayasomi vizuri. Mliozitazama zote mbili, nianze na ipi?