Mrejesho: kuhamisha mikazo ya bati kati ya hatua za simulesheni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini bati langu likitoka kwenye kalibu linaingia hatua ya pili ya simulesheni ya kompyuta na umbo sahihi, lakini nikiliachia halijirudishi, yaani halijikunjui, hata kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Nilihamisha nodi na meshi tu, yaani vipande vidogo (elementi) ambavyo programu hugawa bati na pointi zinazoviunganisha. Mikazo iliyobaki (nguvu za ndani zilizosalia kwenye bati), mgeuko wa kudumu na unene mpya wa kila elementi viliachwa nyuma, kwa hiyo programu ikaona bati jipya lililozaliwa limekunjwa.

Nikaingiza faili la hali ya mwisho ya hatua ya kwanza, majibu bado vituko! Kumbe hatua ya kwanza ilikuwa na nukta 7 za kukokotolea mikazo ndani ya unene wa bati, ya pili niliacha 2. Kwenye kona, upande wa nje umevutwa na wa ndani umegandamizwa; nukta 2 haziwezi kubeba picha hiyo yote. Nimeweka 7 kote na kona sasa inafunguka.

Bado nahangaika na kingo nilizokata, maana meshi pale imebadilika na mikazo lazima ikadiriwe upya. Asanteni, hasa aliyeniuliza kama nimelifungua lile faili nikalisoma. Sikuwa nimelifungua.