Naomba ushauri: wikendi shambani nje ya Lubumbashi, watoto watatu na mzee wa miaka 74

BabaWaWatatu
Habari zenu wana-Lushi. Juzi mtoto wangu wa miaka 8 aliniuliza mahindi ya bukari (ugali) yanatoka wapi. Kabla sijafungua mdomo mdogo wake akajibu: "Kasumbalesa, yanakuja na lori." Sikumlaumu. Kila unga unapopanda bei, hapa nyumbani wanatusikia tukiongea habari za mpaka na Zambia. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, maana baba yangu, ambaye tunaishi naye, alilima miaka yote aliyofanya kazi mgodini. Zamu ikiisha, anachukua jembe. Wajukuu wake hawajamwona hata siku moja akiinama shambani.

Nataka kuwapeleka wote, na mama yao, Jumamosi tulale turudi Jumapili. Mwaka jana tulikwenda mahali palipoitwa shamba: bwawa la kuogelea, muziki mpaka saa tisa usiku, na mbuzi wawili wamefungwa karibu na magari. Watoto walifurahia maji. Mzee hakulala.

Sasa nina sehemu mbili. Moja iko upande wa Kipushi, ina vyumba, wanataka dola 40 mtu mzima na 20 mtoto, chakula ndani. Kwetu ni 180. Nyingine ni kwa mjomba wa mke wangu, barabara ya Kasenga: mahindi, ng'ombe wachache, bwawa la samaki, umeme hakuna. Mjomba hataki hata franka moja. Mke wangu anaogopa mbu na choo, mimi naogopa kumlemea mtu. Mnasemaje? Na twende mwezi gani?

MamaBeni
Ndugu, naongea kama mwanamke. Mkienda kwa mjomba, nani atapika? Kama mke wako ataamka saa kumi na moja kuwasha kuni za watu kumi, hayo si mapumziko, ni jiko limehama. Sisemi msiende. Nasema zungumza naye kwanza kuhusu jiko, habari ya mbu ifuate.

Kyungu_L'shi
Mbona hamfikirii hifadhi ya Kundelungu? Maporomoko ya Lofoi yanashuka zaidi ya mita 300, watoto hawatasahau maisha yao yote.

MkulimaWaKafubu
Lofoi ni pazuri sana, lakini kwa usiku mmoja, na mzee wa miaka 74, na mvua hii? Mtashinda ndani ya gari. Hiyo ni safari ya kiangazi, siku tatu au nne.

Kuhusu mwezi. Tuko mwezi wa pili. Mahindi yaliyopandwa mvua iliposhika, mwezi wa 11, sasa yanaanza kufaa kuchomwa, na mwezi wa tatu yatakuwa mazuri zaidi. Bowa (uyoga) nao bado wanatoka porini. Mkisubiri mwezi wa tano mtakuta mahindi makavu, kazi ni kuvunja na kupukuchua. Hata hiyo watoto wanaipenda, na barabara inakuwa imekauka. Mwezi wa sita na wa saba, chukueni blanketi nzito. Tuko juu, karibu mita 1,200, na baridi ya alfajiri shambani inauma kuliko ya mjini.

Sasa niseme kama mfugaji, kwa sababu wageni wengi hawajui. Muulizeni mjomba kama ana nguruwe au kuku wengi. Homa ya nguruwe haina dawa, na inaweza kuingia kwa udongo wa kiatu tu, au kwa mabaki ya nyama mliyobeba kutoka mjini. Mimi nilipoteza banda zima. Tangu siku hiyo kila mgeni wangu anavua viatu langoni na kuvaa buti za hapa. Wengine wanakasirika. Wakikasirika, ni sawa. Osheni viatu nyumbani kabla ya kuondoka, na masalia ya chakula msiwape wanyama.

YayaChantal
Mimi nachagua kwa mjomba. Kule Kipushi watoto wataonyeshwa ng'ombe. Kwa mjomba wataambiwa "shika kamba." Wangu walikwenda kwa bibi yao siku mbili tu, wakasaidia kuvua tilapia bwawani, na yule mdogo aliyekuwa hali samaki alimla yule aliyemshika kwa mikono yake.

Mbu: nunua vyandarua viwili vikubwa, uviache huko mkiondoka. Mvua hizi malaria si mchezo, msilale bila chandarua hata usiku mmoja. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani.

Na kumlemea mtu, kaka, mjomba aliyesema hataki pesa umeshamwelewa. Usimpe noti, utamtia aibu. Peleka mafuta, sukari, chumvi, sabuni, na kitu cha shamba. Ungekwenda mwezi wa 12 ningesema mfuko wa mbolea, sasa imechelewa. Magunia ya kuvunia atayafurahia.

MamaBeni
Chantal amesema vizuri. Niongeze: mlipeni binti wa jirani huko apike siku mbili hizo. Mke wako naye atembee mashambani kama wengine.

BabaWaWatatu
Asanteni sana, kweli. Nimeongea na mke wangu jana. Shida yake kubwa ilikuwa hiyo ya jiko, choo kilikuwa kisingizio tu. Tumekubaliana tunakwenda kwa mjomba Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, na atatutafutia mtu wa kupika. Nguruwe hana. Kuku anao, tutaosha viatu.

Mzee nilimwambia jana jioni. Hakujibu kitu. Leo asubuhi nimemkuta nyuma ya nyumba, amelitoa jembe lake la zamani chini ya mabati, analigeuzageuza. Chuma kizima, mpini umeoza. Mpini mzuri nitaupata soko gani?

MkulimaWaKafubu
Usinunue. Beba chuma peke yake na panga. Kule miti iko, mzee ataichagua na kuuchonga mwenyewe, watoto wakae karibu naye watazame.